Mwache Kijana Aunguze Rezista

Kijana akija kwangu hapa Kondele, Kisumu, kujifunza ufundi wa redio na sabufa, simpi solda siku ya kwanza. Nampa betri ya pikipiki ya volti 12, waya mbili zenye vibanio na konzi ya rezista, vile vipande vidogo vya kupunguza stima, halafu namwambia aunguze. Mafundi wenzangu hunicheka eti naharibu mali. Rezista moja nanunua shilingi 5. Mali gani hiyo?

Tunaanza na ya omu 100, omu ikiwa kipimo cha jinsi inavyozuia stima, na inayostahimili robo wati tu. Kwa volti 12 inabebeshwa karibu wati moja na nusu, kama mzigo wa watu sita kumtwika mmoja. Kijana huwa anarudi nyuma akingoja mlipuko. Wapi! Ile ngozi yake ya rangi ya chai ya maziwa inaanza kuiva, mistari inafifia, kisha harufu inapanda, kali, ya kukaa puani hadi jioni. Ya huyu niliye naye sasa ilipopoa tuliipima, mita ikasoma omu 118. Haikufa, imekuwa mwongo tu. Hapo ndipo ninapotaka afike. Kilichokufa kabisa hakimsumbui fundi. Balaa ni hiki kinachofanya kazi huku kikidanganya, redio inarudi mara tatu, na mama mwenye redio anaanza kukuangalia kwa jicho la pembeni.

Ya omu 47 haina mjadala. Wati 3, moshi, kwisha. Mita haioni kitu, njia ya stima imekatika.

Dayodi, inayopitisha stima upande mmoja tu, na transista, inayokuza sauti, ni kinyume chake: mara nyingi zinakufa zikiwa zimeshikana, stima inapita tu bila kuulizwa. Fundi asiyejua tofauti hii anakuta fyuzi imekatika, anaweka nyingine, inakatika tena, basi anaweka unyuzi wa waya. Nililetewa sabufa ya namna hiyo juzi. Transista zimeshikana, unyuzi wa shaba umekaa imara mahali pa fyuzi, na transfoma ndiyo iliyoungua badala yake. Huyo aliyeitengeneza hakuwahi kuona transista ikifa mbele ya macho yake, nina hakika.

Hata fyuzi yenyewe watu hawaijui. Wanadhani ile ya ampea 13 inakatika ikifika 13. Weka birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,200 kwenye ekstensheni moja. Kwa stima yetu ya volti 240 hizo ni ampea 13 na kitu. Fyuzi haitikisiki. Inaweza kubeba hata 20 kwa muda mrefu kabla ya kukata. Kinachopata moto ni ule waya mwembamba wa ekstensheni ya bei rahisi, hasa ukiwa umeviringwa na kusukumwa chini ya zulia. Gusa plagi yako wakati pasi inafanya kazi, utanielewa.

Kapasita, kile kikopo kinachohifadhi stima, tunaifunika na debe, miwani machoni. Ukiigeuza, chanya kwenye hasi, inachemka ndani na gesi inatafuta njia. Zile kubwa zina mikato kichwani, mara nyingi kama msalaba, ili zipasukie hapo na si kwenye uso wako. Tangu siku hiyo kijana akikuta kapasita imevimba kichwa kidogo tu, anaing'oa bila kuniuliza.

Vyote hivi ni vya betri ndogo. Stima ya ukutani hatuchezei, na betri za simu siunguzi kabisa, moshi wake ni sumu na moto wake ukidhani umezima unaanza upya. Zilizovimba naziweka kwenye ndoo ya mchanga nje, kando ya mlango. Kijana ameniuliza mara mbili, "Fundi, na hizi?" Nimemwambia hiyo ndoo apite nayo mbali.