Cheti Si Obiti

Kichwa cha habari hakibadiliki: kijana agundua asteroidi, kuipa jina la mama yake. Chini yake, picha ya cheti. Jamani, asteroidi ni mwamba unaolizunguka Jua; kilichoonekana hapo ni nukta.

Nukta yenyewe hupatikana hivi. Unachukua picha tatu au nne za kipande kilekile cha anga, zikipishana kama dakika 20, kisha unazipitisha haraka kwenye skrini. Nyota zinatulia, kitu kimoja kinasogea. Asteroidi ya ukanda mkuu, ule ulio kati ya Mirihi na Mshtarii, Dunia ikiwa katikati yake na Jua, hutembea takriban sekunde 30 za pembe kwa saa (sekunde ya pembe ni digrii moja ikigawanywa mara 3,600), kwa hiyo kati ya picha na picha ni kama 10 tu. Hapo ndipo watu wanapojidanganya. Mnururisho wa anga za juu ukiipiga kamera huacha doa linaloweza kufanana na nyota, na pikseli mbovu huonekana kutembea endapo darubini ilisogea kidogo. Picha mbili hazitoshi, maana madoa mawili yoyote utayapigia mstari ukitaka. Na saa ya kompyuta ikikosea dakika moja, umekosea mahali kwa nusu sekunde ya pembe. Nukta ni ya kweli, lakini obiti, yaani njia yake ya kulizunguka Jua, ni ya uongo.

Haya, tuseme nukta ni ya kweli. Nyingi zinajulikana tayari. Kama haijulikani, unahitaji usiku wa pili, kisha vipimo vinakwenda Kituo cha Sayari Ndogo kule Cambridge, Massachusetts, nacho kinatoa alama ya muda. Mfano 1971 QX1: Q ni nusu ya pili ya Agosti, X ni ya 23 kwa kuwa herufi I hurukwa, na ile 1 inaongeza mzunguko mmoja wa herufi 25. Yaani kitu cha 48 katika nusu mwezi ile. Hilo si jina, ni namba ya foleni.

Namba ya kudumu husubiri obiti itulie, na kwa kawaida asteroidi lazima ionekane katika misimu minne, yaani vipindi ambavyo Dunia huwa katikati yake na Jua. Msimu hurudi kila miezi 15 hadi 17. Piga hesabu: karibu miaka minne, labda ipatikane kwenye picha za zamani. Mnajimu Piazzi aliiona Ceres, ya kwanza kugunduliwa, tarehe 1 Januari 1801, ikapotelea kwenye mwanga wa Jua, na bila hesabu za mwanahisabati Gauss isingepatikana tena mwishoni mwa mwaka uleule. Hata jina lake halikubaki zima: Piazzi aliiita Ceres Ferdinandea kumpendeza mfalme Ferdinand, wenzake wakamkata mfalme.

Baada ya namba, mgunduzi ana miaka 10 ya kupendekeza jina. Lisizidi herufi 16. Mwanasiasa au mwanajeshi asubiri miaka 100 tangu afe, kanuni tamu kuliko zote. Na ile 1971 QX1? Leo ni 2309 Mr. Spock, jina la paka wa mgunduzi. Baada ya hapo wakubwa wanaoidhinisha majina wakasema paka basi.

Nakubali, shingo upande, kwamba vijana wanaochambua picha hizo wanafanya kazi halali, na vipimo vyao vinatumika. Waandikieni hivyo basi: wamepima.

Na wanaouziwa majina ya asteroidi mtandaoni: jina haliuzwi. Mmenunua karatasi.