Kiboksi cha mitumba kinatosha

Wiki iliyopita niliandamana na kijana mmoja wa Kisauni hadi kampuni moja ya intaneti hapa mjini Mombasa. Ombi letu lilikuwa dogo: anwani moja ya IP na tundu moja kwenye swichi yao, tuweke seva ya nakala, yaani mashine inayohifadhi nakala za programu huria ili watu wa karibu wazipakue kutoka hapo: Debian, mfumo huria wa kompyuta, kwa kompyuta za kawaida (amd64), na EPEL, vifurushi vya ziada vya mradi wa Fedora kwa Linux za jamii ya Red Hat. Bosi akakitazama kiboksi tulichobeba, akauliza, "Na seva yenyewe iko wapi?"

Ndiyo hiyo, mzee. Kompyuta ndogo ya ofisini, ya mitumba, haina feni. Tumeifungua tukaitia diski ya SSD ya terabaiti 2, na inakula wati chache tu. Kule Marekani mradi wa Micro Mirror unagawa programu huria kwa viboksi vya aina hiyohiyo. Lakini kwetu sisi, kitu kisichonguruma hakihesabiki kuwa seva.

Hapo ndipo damu inaponichemka. Watu wameichukulia seva ya nakala kama benki: iwe na jenereta mbili, mlinzi mlangoni, na bajeti ya kupitishwa na kamati. Kwa lipi? Ndani hamna siri ya mtu, hamna hata faili moja isiyopatikana kwingine. Diski ikifa leo, unachomeka nyingine, programu ya kunakili ya rsync inavuta kila kitu upya, nawe unakwenda zako kunywa kahawa. Ikichelewa kusasishwa, MirrorManager, mfumo wa Fedora unaosimamia seva za nakala, inaitoa kwenye orodha na watumiaji wa EPEL wanapelekwa kwingine bila hata kujua. Na wanaoogopa kwamba tutawatilia virusi, wajue apt, programu ya Debian ya kufunga vifurushi, hukagua saini za Debian zenyewe kabla ya kufunga kifurushi. Nikikichezea, kinakataliwa. Kazi iliyopangwa hivyo tangu mwanzo inataka mashine rahisi, tena nyingi, zilizotawanyika.

Stima? Najua. Ikipotea boksi linazima, ikirudi linawaka. Chumvi ya bahari nayo, haya, italila siku moja. Tutanunua jingine.

Nakubali pia, shingo upande, kwamba deb.debian.org, anwani ya Debian yenyewe ya kupakulia, inapitia Fastly, kampuni yenye seva za kusambaza data duniani, na inafanya kazi vizuri. Lakini hiyo ni hisani ya kampuni ya watu, na hisani haina mkataba na mtu wa Kongowea.

Nyaya za intaneti za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilitua Mombasa mwaka 2009, EASSy ikafuata 2010. Wallahi sisi ndio mlango wa intaneti ya nchi hii, halafu tukiomba tundu moja la swichi tunaambiwa tuandike barua kwa makao makuu Nairobi!

Basi nawageukia mafundi wa vyuo vyetu vya Pwani. Msiniambie hamna nafasi. Rafu zenu nimeziona, na nusu ya matundu ya swichi zile yamejaa vumbi.