"Who" Haiiti "The"

Vijana wengi wanaojifunza Kiingereza hapa Lamu wameshika kanuni moja: nomino ikifuatwa na "who", "which" au "that", itanguliziwe "the". Nataka kanuni hiyo iachwe kabisa. Inawapotosha watu wenye akili zao, tena kwenye lugha wanayoitegemea kwa riziki.

Chukua kijana anayewatembeza watalii Mkomani. Akisema "the house that has a carved door", mgeni atageuza shingo huku na huku: ipi? Milango ya nakshi imejaa mji mzima. Kishazi hicho hakijatenga nyumba yoyote, basi aseme "a house". Lakini akisema "the mosque that Habib Saleh founded", amepatia, hata kama mgeni hajawahi kulisikia jina hilo. Maelezo yenyewe yanaitenga Riyadha na misikiti mingine yote. Hapa ndipo wengi hukwama, wakidhani "the" hudai kitu kilichokwisha kutajwa. Haidai hivyo. Inadai tu kwamba msikilizaji, kwa maneno uliyompa, abaki na kimoja. Ndiyo maana twasema "the captain who brought us from Mokowe", maana boti ina nahodha mmoja, ila "a passenger who came with us", maana abiria ni wengi.

Nasikia pia kwamba Kiswahili hakina vineno kama "a" na "the", kwa hiyo mtoto wetu hana pa kuanzia. Sikubali. Ni kweli, "mtu aliyekuja" haionyeshi kama msikilizaji anamjua mtu huyo. Lakini mtoto aliyesimuliwa ngano anajua kwamba kwanza huja "mtu mmoja aliyekuwa na wana watatu", kisha ndipo "yule mtu". Msimulizi akianza na "yule mtu aliyekuwa na wana watatu", watoto watamkatiza: yupi? Swali hilohilo ndilo linaloamua kati ya "a" na "the", na wanalo tangu nyumbani. Mwalimu aanzie hapo, aachane na kuwahesabisha "who", "which" na "that".

Wingi nao una lake, na haufundishwi vya kutosha. "The boats that came from Pate" ni zote zilizokuja. Ukiondoa "the", huenda ni baadhi tu. Anayengoja mzigo gatini akiambiwa "the boats that came from Pate have been unloaded", ana haki ya kuamini kwamba hakuna hata moja iliyobaki na shehena.