Tamthilia zinazochelewa kuchangamka, na haraka inayoziua

Mtu akikupendekezea The Wire, tamthilia ya Marekani ya polisi na wauza unga wa jiji la Baltimore, sikiliza anavyojitetea kabla hujamuuliza kitu. "Mwanzo itakuchosha kidogo, lakini vumilia." Kisha anataja mahali pa kufika: wengine watakwambia sehemu ya nne, wengine ya sita, na wapo wanaoapa kwamba utamu wenyewe uko msimu wa nne, yaani baada ya sehemu 37 za saa nzima nzima. Jibu analopewa kila mpenzi wa tamthilia amelisikia: kitu kizuri hakiombewi uvumilivu. Mwandishi alipewa saa nzima, akashindwa kunishika, shauri yake.

Jibu hilo lina nguvu, tena si la wavivu tu. Kwanza kuna suala la mfuko. Netflix yenyewe hukadiria kwamba saa moja ya video ya ubora wa kawaida inakula hadi GB 1. Kwa mtu wa Dar au Nairobi anayejiunga bando la wiki, kumwambia avumilie saa sita ni kumwambia achome GB 6 kwa kitu ambacho huenda asikipende. Na anayetoa ushauri huo, mara nyingi, anatumia waifai ya ofisini.

Hoja ya pili ni ngumu zaidi kuijibu. Tamthilia zilizoanza kwa kujikokota na baadaye zikawaka tunazikumbuka kwa sababu ziliwaka. Zilizojikokota mwanzo, katikati na mwisho, hadi zikafutwa, nani anazitaja? Kwa hiyo anayesema "mbona hata ile ilianza polepole" hajathibitisha lolote kuhusu hii uliyonayo wewe usiku wa leo. Na kuna jambo la tatu ambalo watu hawapendi kulisema: ukishatoa saa kumi za maisha yako, moyo unakataa kukubali kwamba zimepotea bure. Unaanza kusifia. Nina hakika baadhi ya sifa zinazotembea huko mitandaoni ni za watu wanaojifariji.

Yote hayo nayakubali. Ninachokataa ni kuziweka kapu moja tamthilia za aina mbili ambazo hazifanani hata kidogo.

Aina ya kwanza ni zile ambazo mwanzo wake ni dhaifu kweli, kwa sababu wenyewe walikuwa bado hawajajua wanatengeneza nini. The Office ya Marekani, kichekesho cha ofisini, ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote. Sehemu yake ya kwanza, mwaka 2005, iliuchukua mswada wa The Office ya awali ya Waingereza karibu neno kwa neno, na bosi wa ofisi, Michael Scott, akatoka mtu mkavu, mwenye roho mbaya. Msimu ule ulikuwa na sehemu 6 tu. Msimu wa pili mtayarishaji Greg Daniels na waandishi wake wakamlainisha bosi huyo, wakampa upweke na hamu ya kupendwa, na kazi ikaenda hadi 2013. Parks and Recreation, ya Daniels huyo huyo akiwa na Michael Schur, ilirudia njia hiyo hiyo mwaka 2009: msimu mfupi uliopwaya, kisha mhusika wake mkuu, Leslie Knope, akafinyangwa upya. Hizi ukiniambia umeruka msimu wa kwanza, sitakugombeza. Hukukosa kitu.

The Wire haimo kwenye kapu hilo. Ilianza kuonyeshwa kwenye kituo cha HBO cha Marekani Juni 2002, ikaisha Machi 2008: misimu 5, sehemu 60. Aliyeibuni, David Simon, alikuwa ripota wa gazeti la Baltimore Sun. Mwenzake Ed Burns alikuwa mpelelezi wa polisi katika jiji hilo hilo, kisha akawa mwalimu wa shule ya serikali. (Na ndiyo, ni humo mwigizaji Idris Elba, huyu wa mpango wa studio Zanzibar, alipojulikana kwa Wamarekani, akiwa Stringer Bell.) Kazi nzima imejengwa juu ya polisi kunasa simu za wauza unga, lakini hawaanzi kusikiliza simu yoyote mpaka karibu nusu ya msimu wa kwanza. Kabla ya hapo wako kwenye chumba cha chini ya jengo, wanahangaikia kibali cha mahakama na kugombana na wakubwa zao.

Sehemu ya nne inafunguka kwa wapelelezi wanaohangaika kupitisha meza mlangoni. Wanasukuma, jasho linawatoka, meza haisogei. Mwisho mmoja analalamika kwamba kwa mwendo huu hawataiingiza kamwe. Wa upande wa pili anashtuka: kuingiza? Kumbe yeye muda wote alikuwa anaitoa. Mwenye haraka ataona ameibiwa dakika mbili. Mimi naona ameshaonyeshwa polisi ya Baltimore inavyofanya kazi, bila hotuba na bila muziki wa kumwambia acheke wapi.

Upande wa wauza unga, uani katikati ya nyumba za serikali, kuna kochi chakavu la rangi ya machungwa. Ndiyo maskani. Katika sehemu ya tatu vijana wawili, Bodie na Wallace, wanacheza drafti kwa kete za sataranji, maana sataranji yenyewe hawaijui. D'Angelo, mpwa wa bosi, anakereka na kuanza kuwafundisha: huyu ndiye mfalme, huyu ndiye malkia, na hawa wadogo wa mbele ni askari, ambao hufa mapema. Bodie anataka kujua askari akifanikiwa kuvuka ubao wote inakuwaje. Ni swali la kitoto kabisa, na waandishi wanalirudia misimu mitatu baadaye Bodie akiwa mtu mzima wa mtaani. Sitasema linajibiwaje. Nasema tu kwamba aliyeanzia msimu wa nne kwa sababu ameambiwa ndio bora, jibu lile litampita kama gari barabarani.

Lakini mfano ninaoushikilia kuliko yote ni wa askari mmoja anayeitwa Prez. Katika sehemu ya pili, usiku, pombe ikiwa kichwani, anampiga kijana wa miaka 14 kwa kitako cha bastola, na kijana anapoteza jicho. Unamchukia papo hapo. Ananyang'anywa silaha na kuachiwa kazi ya makaratasi, na hapo ndipo, sehemu ya tano, anapofumbua fumbo la peja, kile kifaa kidogo cha kupokelea namba za simu. Wauza unga hawatumi namba kama ilivyo. Wanairuka 5 iliyo katikati ya vitufe na kuchukua tarakimu ya upande wa pili: 1 inakuwa 9, 2 inakuwa 8, 3 inakuwa 7, 4 inakuwa 6, halafu 5 na 0 zinabadilishana. Tazama vitufe vya simu yako utaona. Mjinga yule ana kichwa cha hesabu. Msimu wa tatu anampiga risasi askari mwenzake kwa makosa, anamwua, na kazi ya upolisi inaishia hapo. Msimu wa nne yuko mbele ya darasa, mwalimu wa hisabati, akitumia dadu kuwafundisha uwezekano watoto wa umri ule ule wa yule aliyempofua.

Hakuna anayekukumbusha jicho lile. HBO waliomba kipande kimoja cha kurudi nyuma mwishoni mwa sehemu ya kwanza kabisa ili mtazamaji asipotee, na baada ya hapo hakipo kingine. Unakumbuka mwenyewe au hukumbuki. Ukikumbuka, hujui la kufanya na mtu huyu: umsamehe, umwonee huruma, au uendelee kumchukia huku watoto wanaanza kumpenda. Hisia hiyo haipatikani kwa njia ya mkato. Kutoka jicho hadi darasa kuna misimu mitatu, na uzito wake umetokana na umbali huo. Ukiufupisha, unabaki na mwalimu mpole tu.

Ndiyo maana neno "polepole" naliona halimtendei haki Simon. Watunzi wa tenzi za pwani walimsifu Mola kwanza, wakaomba wino na karatasi, ndipo kisa kikaanza, na wasikilizaji hawakuondoka mkekani. Walijua wanaingizwa ndani ya kitu kirefu. Shida ya The Wire ni kwamba ilivaa nguo za tamthilia ya polisi, na tamthilia za polisi zimetuzoesha maiti dakika ya kwanza na pingu dakika ya arobaini. Wengi walioiacha, naamini, walikuwa wanasubiri pingu.

Na waliiacha kweli. Watazamaji wake walikuwa wachache miaka yote, tuzo ya Emmy, ile kubwa ya televisheni ya Marekani, haikupata hata moja, na baada ya msimu wa tatu kwisha Desemba 2004 haikuwa wazi kama ingeendelea. Msimu wa nne, huo wa darasani, ulikuja Septemba 2006. Kilichoibeba ni kwamba HBO iliishi kwa ada ya wateja wa kila mwezi, haikuishi kwa matangazo ya biashara, hivyo iliweza kukaa na kitu kinachosifiwa na wachache kuliko kutazamwa na wengi.

Hapo ndipo hoja ya "shauri yake" inapoanza kunitia wasiwasi, na kuna hesabu mbili nimeshindwa kuziacha. Seinfeld, kichekesho cha kituo cha NBC, ilijaribiwa kwa sehemu moja mbele ya watazamaji, ripoti ikasema ni dhaifu. NBC wakaionyesha Julai 5, 1989, wakanyamaza. Mkuu mmoja wa idara ya vipindi maalumu, Rick Ludwin, akamega fungu la idara yake kulipia sehemu 4 zaidi. Nne tu! Zikaonekana mwaka 1990, karibu mwaka mzima baadaye. Sehemu ya mwisho, Mei 1998, ilitazamwa na Wamarekani takriban milioni 76.

Sasa chukua tamthilia iitwayo 1899, ya Wajerumani Baran bo Odar na Jantje Friese, waliokwisha kutupa Dark, tamthilia ambayo bila kuchora ukoo kwenye karatasi unapotea. Walikusudia misimu mitatu. 1899 ilitoka Netflix Novemba 17, 2022. Januari 2, 2023 wakatangaza kwamba imefutwa. Ni siku 46, na ndani yake Krismasi na mwaka mpya. Ilikuwa na sehemu 8. Mtu aliyeamua kutazama sehemu moja kila Jumamosi, kama tulivyokuwa tukitazama televisheni zamani, Januari 2 alikuwa amefika ya saba. Kabla hajaona mwisho wa msimu wa kwanza, wa pili ulikuwa umeshauawa. Sidai kwamba ingekuja kuwa bora. Ilikuwa ghali, na huenda waliofanya hesabu walikuwa sahihi. Ila haitajulikana tena. Miezi michache baadaye, mwaka huo huo wa 2023, Netflix iliacha kupanga orodha ya kazi zake zilizopendwa zaidi kwa siku 28 za kwanza na kuhamia siku 91, dalili kwamba hata wao waliona watu wanachelewa kufika.

Haki inanitaka niseme pia kwamba majukwaa hayo hayo yameokoa nyingine. Breaking Bad, ya mwalimu Walter White anayegeuka mpika dawa za kulevya, ilianza Januari 2008 kwa watazamaji kama milioni 1.4, na msimu wake wa kwanza ukakatwa hadi sehemu 7 na mgomo wa waandishi. Ilikuwa bado inajitafuta: mtunzi wake, Vince Gilligan, alikusudia Jesse, mwenzake Walter, afe mwishoni mwa msimu ule, akaghairi baada ya kumwona mwigizaji wake, Aaron Paul, kazini. Sehemu ya mwisho, Septemba 2013, ilipata milioni 10.3, na wengi wa walioongezeka walikuwa wameikuta Netflix wakaanza upya toka mwanzo. La casa de papel, tamthilia ya wezi wa Kihispania, ilishuka watazamaji kwenye televisheni ya Hispania mwaka 2017, kisha Netflix ikaibeba hadi mitaa yetu ikajaa vinyago vya Dalí wanavyovaa wezi wale. Kwa hiyo mtandao unamfaa sana aliyechelewa, ilimradi kitu chenyewe kiwe kimeshatengenezwa. Kinachokosekana ni Ludwin, mtu wa kulipia sehemu nne wakati hakuna anayezitaka.

Mtazamaji wa 2002 aliyezima televisheni katikati ya sehemu ya pili alijua mwenyewe na mkewe. Anayeacha leo anahesabiwa na jukwaa usiku ule ule. Simlaumu, bando ni lake. Ila akisema kwamba tamthilia nzuri hujionyesha saa ya kwanza, anaeleza kanuni ambayo ingetunyima yale madadu ya Prez, na wanaoamua kipi kiendelee wanaisikia vizuri sana.

Kwa mwenye GB za kubana, basi, nitasema hivi. The Office na Parks and Recreation anzia msimu wa pili, bila aibu. Seinfeld ingia popote kuanzia wa tatu. Breaking Bad usiruke, zile sehemu 7 ni chache na Walter White wa mwisho haeleweki bila yule mwalimu wa kemia anayeosha magari. The Wire ipe mpaka fumbo la peja. Kama hapo bado hujali, iache. Na washa maandishi ya chini. Kiingereza cha maskani za Baltimore kinawapiga chenga hata wenye Kiingereza chao, na nusu ya malalamiko kwamba haieleweki mwanzoni yanaishia hapo.