Barua Zetu Ziko Posta, Kodi Yetu Iko Ofisini

Karatasi imebandikwa chumba cha kufulia, juu ya ile mashine isiyokausha nguo. Inasema kutokana na uharibifu wa masanduku ya barua, wapangaji tunaombwa tukachukue barua zetu posta mpaka tutakapotangaziwa vinginevyo. Chini yake wameweka kikatuni cha tabasamu. Nimeisoma mara mbili nikitafuta palipoandikwa kwamba na kodi nayo tutailipa tutakapotangaziwa vinginevyo. Hapapo. Kodi ni tarehe mosi, na ukichelewa unatozwa faini.

Wasomaji wangu wa hapa Marekani, wa Columbus, Dayton, Louisville na Grand Rapids, mnayajua majengo ninayoyasema. Ghorofa mbili, ngazi za zege kwa nje, maegesho yenye mashimo, Wakongo huku, Wasomali kule, na Mtanzania mmojammoja aliyejichanganya katikati. Kwetu masanduku yako ukutani, kibaraza cha chini, safu ya alumini iliyochoka kabla sijahamia. Usiku mmoja mtu kaja na mtaimbo, kaukunja mlango mkuu, kaondoka na kila kilichokuwemo. Mlango huo ndio mleta barua anaoufungua kwa ufunguo wake mmoja, safu nzima ikafunuka, akagawa barua za wote kwa mpigo. Ukishapinda haufungi, na usipofunga yeye haachi barua. Simlaumu hata kidogo.

Ofisini nikaambiwa masanduku ni mali ya serikali, wao hawayagusi. Posta nikaambiwa ni ya mwenye jengo. Sasa, mimi riziki yangu ni matengenezo ya nyumba za kupangisha, si hili jengo ninaloishi, mengine. Kwa hiyo najua nani alikuwa ananidanganya, na hakuwa yule mama wa dirishani posta.

Hapa Marekani sanduku la barua la apatimenti ni la mwenye jengo. Yeye analinunua, yeye analifunga ukutani, yeye anabadilisha kitasa chako ufunguo ukipotea, na likivunjwa yeye ndiye analitengeneza. Kitu kimoja tu pale ni cha Posta: kitasa cha mlango mkuu, kile kinachoitwa Arrow. Hicho hakiuzwi dukani. Mwenye jengo ananunua sanduku lenye nafasi yake iliyoachwa wazi, anaita Posta, na Posta wanakuja kukifunga wenyewe. Kukutwa na ufunguo wake isivyo halali ni kosa la shirikisho, linaweza kukupeleka jela miaka 10. Yaani serikali imejiwekea kitasa chake kimoja, na ofisi yetu imekitumia kitasa hicho kujivua jukumu la ukuta mzima.

Lakini hilo si lililonikera zaidi. Kilichonikera ni kilichofuata.

Baada ya kelele, wakaleta masanduku "mapya". Nikafurahi kwa muda wa kushuka ngazi. Kufika chini nakuta visanduku vya bati jembamba, kila kimoja kimetundikwa kwa skrubu mbili kwenye ubao wa gipsamu, bila hata kutafuta mbao ya ndani ya ukuta. Nikasukuma kimoja kwa kidole, kikacheza. Nikachukua ufunguo wa jirani, kwa ruhusa yake, nikaujaribu kwenye sanduku langu. Ukafungua. Mlango mkuu hakuna, nafasi ya Arrow hakuna, muhuri wa kuidhinishwa na Posta hakuna. Mleta barua alipopita aliyatazama, akatikisa kichwa, akarudi kwenye gari lake na mfuko wetu.

Ofisi sasa inasema Posta ni wakorofi. Jamani! Kanuni ziko wazi na si za jana. Tangu Oktoba 2006, jengo jipya linalofunga masanduku ya ukutani linatakiwa kufuata kiwango cha Posta kinachoitwa STD-4C. Ndani yake kila mpangaji anapata chumba kisichopungua inchi 12 upana, inchi 15 kina na inchi 3 kimo, ili bahasha kubwa iingie imelala bila kukunjwa. Vitasa vya wapangaji visizidi inchi 67 kutoka sakafuni, kama sentimita 170, na angalau chumba kimoja kiwe chini ya inchi 48, ili aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu akifikie. Lazima pia pawe na vyumba vya vifurushi: mwanzoni kimoja kwa kila wapangaji 10, na kwa majengo mapya tangu 2020 kimoja kwa kila 5, maana siku hizi watu hawaandikiani barua, wanaagiziana viatu. Hayo yote yanapatikana bure kwa mtu anayejua kusoma, na meneja wetu anajua kusoma, maana mkataba wa kurasa zile zote aliniandalia yeye.

Mtego ambao nimeuona ukiwanasa hata wanaotaka kufanya vizuri ni huu. Kiwanda kilekile kinatengeneza masanduku mawili yanayofanana kama mapacha. Moja ni la Posta, lina nafasi ya Arrow. Jingine ni la matumizi binafsi, la ofisi au hosteli inayojigawia barua yenyewe, na mlango wake mkuu unafunguliwa kwa ufunguo anaoushika meneja. Kwenye picha huwezi kuyatofautisha. Anayeagiza haraka anachukua lolote litakalofika kesho, fundi anatoboa ukuta, rangi inapakwa, halafu mleta barua anakuja na ufunguo wake hauna pa kuingia. Hapo mwenye jengo analipa mara mbili, na katika hiyo miezi ya kulipa mara mbili anayeumia ni mpangaji.

Anaumiaje? Ndipo hasira yangu inapopanda. Mmarekani wa mtaa wa pili akikosa barua, amekosa matangazo ya piza. Sisi maisha yetu yote yanakuja kwa bahasha. Kibali cha kazi kinakuja kwa posta. Grinikadi, ile kadi ya ukaazi wa kudumu, inakuja kwa posta. Kadi ya Social Security (hifadhi ya jamii), barua ya kwenda kuchukuliwa alama za vidole, tarehe ya usaili wa uraia, fomu ya kuhuisha Medicaid ya watoto (bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo), vyote kwa posta. Kadi ya uhamiaji ikirudishwa kwa waliotuma kwa sababu haikufikishwa, wanakaa nayo siku 60 za kazi, na usipojitokeza na anwani sahihi wanaiharibu. Na Medicaid, mnakumbuka ukaguzi ulioanza tena Aprili 2023: wengi walikatwa si kwa sababu kipato kimepanda, wamekatwa kwa sababu karatasi haikujibiwa. Huwezi kujibu karatasi iliyolala kwenye kreti ya plastiki nyuma ya dirisha la posta, dirisha linalofunguliwa ukiwa umelala baada ya zamu ya usiku ghalani na kufungwa ukiwa njiani kuingia zamu nyingine.

Na bado hatulalamiki. Nimelifikiria sana hili, nadhani najua sababu. Wengi wetu tumekulia kwenye S.L.P. ya shule, ya parokia au ya kazini kwa baba, ufunguo uko kwa katibu, barua inafika ikiwa imeshapita mikono mingi na mara nyingine imeshafunguliwa. Kufuata barua posta kwetu ni jambo la kawaida. Hata operesheni ya anwani za makazi ya 2022 ilipobandika namba kwenye nyumba za Tanzania, barua haikuanza kubisha hodi. Kwa hiyo meneja akituambia twende posta, tunavaa koti tunakwenda. Yeye anaona tumeridhika.

Kuna jambo jingine, la majina, na hili sanduku zuri peke yake haliliponyi. Jirani yangu wa mlango wa pembeni ni mama kutoka Uvira, ana watoto sita. Kama ilivyo kwa Wakongo wengi, kila mtoto ana jina lake, hakuna jina la ukoo linalowafunga wote. Kwenye kibandiko cha sanduku lao lile la zamani ofisi iliandika jina moja, la baba, ambaye kwa sasa yuko Texas anafanya kazi kwenye kiwanda cha nyama. Akaja mleta barua mgeni, anayemshikia mwenzake aliye likizo, ameshika barua yenye jina la binti wa tatu. Anaangalia kibandiko, jina halifanani hata herufi. Anaandika "hajulikani", barua inarudi. Mama akaniambia kwa upole ule wao, "Mwanangu, huyu mtoto wanamjua kwenye shule, wanamjua kwa daktari, ni kwenye kisanduku tu hawamujui." Kibandiko kinakaa kwa ndani, mahali anapokiona mleta barua tu akishafungua mlango mkuu, kwa hiyo kuandika majina saba hakumuaibishi mtu wala hakumwonyeshi mwizi chochote. Ni kalamu na dakika mbili. Dakika mbili hizo ofisi haina, ila ya kuchora tabasamu inayo.

Sawa, nitoe haki yao kidogo, kwa shingo upande. Seti halali ya 4C ni ghali. Ukijumlisha na kuvunja ukuta unaongelea maelfu ya dola, maana masanduku ya zamani ya kusimama wima hayana kina, na tundu lao haliwezi kumeza kitu cha inchi 15. Pia ni kweli kwamba aliye na masanduku ya zamani yanayofanya kazi halazimishwi kuyang'oa. Kanuni inambana akijenga au akifanya ukarabati mkubwa. Na Posta wenyewe si malaika: funguo za Arrow zimekuwa zikiporwa mikononi mwa wagawaji wao mpaka Mei 2023 wakatangaza kubadilisha vitasa 49,000 viwe vya kielektroniki. Hayo nayakubali. Lakini hakuna hata moja kati ya hayo linaloeleza kwa nini ufunguo wa jirani ufungue sanduku langu.

Tena njia za kupunguza gharama zipo. Kama ukuta hauchimbiki, kuna fremu ya chuma ya kufunga seti juu ya ukuta. Kama kibaraza ni kidogo, jenga jukwaa la zege pale maegesho, funga kabati lile la mguu mmoja kwa boliti zilizozama kwenye zege, si skrubu za kubahatisha, na uweke taa, na uweke mahali jembe la theluji linapofika, maana mleta barua ana haki ya kukataa kuvuka barafu. Jambo la kwanza kabla ya hayo yote, kabla hata ya kufungua katalogi, ni kumpigia postamasta wa eneo aje aonyeshwe mahali. Yeye ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu wapi na vipi. Simu hiyo ni bure.

Kwa sasa, jirani zangu: jiandikisheni ile huduma ya Posta ya bure, Informed Delivery, inayokutumia kila asubuhi picha za bahasha zinazokuja, angalau ujue kipi kinalala dirishani. Mkihama, uhamiaji waambieni ndani ya siku 10 kwa fomu AR-11. Kujaza fomu ya Posta peke yake hakutoshi. Kitasa kikivunjika andikeni, msiseme kwa mdomo, na mbaki na nakala. Nimeshaandika barua moja ya pamoja kwa mwenye jengo, nakala kwa postamasta, nikaambatisha picha za zile skrubu mbili. Ghafla dada wa ofisini ameacha kusema habari ya mali ya serikali. Ameitisha kikao Alhamisi saa kumi na mbili jioni, ofisini kwao, na anasema katalogi itakuwepo. Mimi nakuja na futi kamba. Wakongo, njooni na majina yenu yote.