Mgombea wa Tatu Hajaiba Kura ya Mtu

Wiki iliyopita, katika kundi la WhatsApp la ukoo wetu, binamu yangu ambaye atapiga kura ya urais kwa mara ya kwanza mwaka 2027 alithubutu kusema kwamba hampendi yeyote kati ya vigogo wanaotajwatajwa, na kwamba huenda akampigia mtu mwingine kabisa. Jibu la mjomba lilifika papo hapo: "Mwanangu, usigawanye kura. Huyo wako ni mradi wa serikali, katumwa kutupunguzia kura." Wazee wengine wakaunga mkono kwa picha za vidole gumba, mmoja akakumbusha yaliyotokea mwaka 1992, na mjadala ukafungwa kwa heshima ya umri. Nilinyamaza, kwa kuwa mjomba habishiwi mbele ya ukoo mzima. Hapa lakini si ukoo, na hasira bado ninayo.

Kinachoniudhi si kwamba wazee wanasema uongo. Wanayoyakumbuka ni ya kweli, ila wanayatumia kutetea hoja ambayo Katiba ya mwaka 2010 iliizika, na hakuna kigogo hata mmoja aliyejitokeza kuwaambia kwamba mazishi yalishafanyika.

Tuanze na hiyo 1992, maana hakuna Mkenya wa umri wao asiyeibeba moyoni. Kifungu cha 2A, kilichoifanya KANU chama pekee halali, kiliondolewa Desemba 1991, vyama vingi vikarudi, na tarehe 29 Desemba 1992 nchi ikaenda debeni ikiwa na uhakika kwamba KANU imekwisha. Daniel arap Moi akarudi Ikulu kwa asilimia 36 ya kura. Kenneth Matiba wa FORD-Asili alipata asilimia 26, Mwai Kibaki wa DP asilimia 19, na Jaramogi Oginga Odinga wa FORD-Kenya asilimia 17. Zaidi ya wapiga kura sita kati ya kila kumi walimkataa rais aliyekuwa madarakani, naye akaapishwa kuwaongoza wote. FORD, iliyoanza kama vuguvugu moja la watu waliokuwa wakipigwa marungu pamoja, ilikuwa imeshapasuka vipande viwili kabla ya karatasi za kura kuchapishwa, huku Kibaki akiwa ametoka KANU na kufungua duka lake pembeni. Miaka mitano baadaye somo lilirudiwa neno kwa neno: Moi asilimia 40, Kibaki 31, na nyingi ya kura zilizobaki zikaenda kwa Raila Odinga, Wamalwa Kijana na Charity Ngilu.

Sheria ya wakati huo ndiyo iliyoyawezesha yote hayo. Mshindi hakuhitaji nusu ya kura. Alihitaji tu kuwazidi wenzake mmoja mmoja na kupata robo ya kura katika mikoa isiyopungua mitano kati ya minane. Kwa chama kilichokuwa na machifu na hazina ya serikali mpaka kijiji cha mwisho, sharti hilo la mikoa lilikuwa zawadi. Kwa wapinzani ambao kila mmoja wao alikuwa na ngome nyumbani na wafuasi wachache kwingineko, lilikuwa ukuta. Kwa hiyo ndiyo, nakubali, tena bila furaha: katika mwaka 1992 na 1997 kugawanyika kwa wapinzani kulimfaa Moi, na waliokataa kuachiana nafasi wanastahili lawama zao. Ningependa tu wanaosimulia habari hii wakumbuke pia mapigano yaliyochochewa katika Bonde la Ufa, kwa sababu tukimtwika Matiba na Jaramogi mzigo wote, tutakuwa tumeisafisha dola kwa sabuni yetu wenyewe.

Hata hivyo, hesabu ya kujumlisha ina kasoro nyingine ambayo wapenzi wake hawaitazami. Huchukulia wapiga kura kama magunia ya mahindi, kwamba ukiliondoa gunia la Odinga kwenye ghala moja unalihamishia la Kibaki likiwa na uzito uleule. Ni nani aliyethibitisha hilo? Chama cha Raila, NDP, ambacho mwaka 1997 kilihesabiwa kuwa upinzani mtupu, kilianza kushirikiana na KANU baada ya uchaguzi huohuo, na Machi 2002 kikaungana nayo rasmi. Mpiga kura wa mwaka 1992 aliyempenda Matiba kwa sababu zake hakuwa mali ya Jaramogi iliyopotea njia. Wengine wangebaki nyumbani, na wengine, amini usiamini, wangempigia Moi.

Nitasema pia, kabla hamjanitumia ujumbe, kwamba umoja ulifanya kazi mwaka 2002. Raila akatamka "Kibaki tosha" pale Uhuru Park, NARC, muungano wa wapinzani, ikazoa asilimia 62, Uhuru Kenyatta wa KANU akabaki na 31. Lakini angalieni jambo moja ambalo halikumbukwi. Simeon Nyachae wa FORD-People aligombea mwaka huohuo, akapata karibu asilimia 6, na mpaka leo sijakutana na mtu anayemwita msaliti. Aliyeshinda alikuwa ameshavuka nusu, basi Nyachae akasamehewa kosa ambalo hakulitenda.

Sasa hiyo nusu ndiyo kiini cha maneno yangu yote. Ibara ya 138 ya Katiba ya sasa inataka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, pamoja na robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti. Asipopatikana wa namna hiyo, uchaguzi mwingine unafanywa ndani ya siku 30 kati ya wawili waliotangulia. Someni tena polepole. Chini ya sheria hii, kura ambayo haikwenda kwa anayeongoza ni kura ya kumzuia asivuke nusu, iwe imekwenda kwa wa pili, wa tatu au wa nane. Haijalishi wapinzani wamegawana vipi zao. Ukizihamisha zote kutoka kwa mmoja hadi mwingine, hesabu ya anayeongoza haipandi wala haishuki.

Uchaguzi wa mwaka 2013 ni mfano ambao ningeufundisha shuleni kama ningepewa chaki. Wagombea walikuwa wanane. Uhuru Kenyatta alitangazwa mshindi kwa kura 6,173,433, Raila Odinga akapata 5,340,546, na Musalia Mudavadi 483,981. Baada ya matokeo nilisikia, na bado nasikia, kwamba Mudavadi alikwenda kuzila kura za Raila kule Magharibi na hivyo kumpa Uhuru ushindi. Haya, tufanye hesabu wanayoitaka wao. Mpe Raila kila kura ya Mudavadi, asibaki nayo hata moja, jambo ambalo halijawahi kutokea katika historia ya wanadamu. Raila anafika 5,824,527. Bado yuko nyuma kwa karibu kura 350,000, na Uhuru bado yuko palepale alipokuwa, juu ya nusu. Mudavadi hakubadilisha chochote, na chini ya sheria ile hangeweza kubadilisha chochote kwa kuchukua kura za Raila.

Alichoweza kukifanya mgombea wa tatu mwaka ule ni kinyume kabisa cha anacholaumiwa. Tume ya uchaguzi ilitangaza kwamba Uhuru alipata asilimia 50.07, na kwa hesabu yake ziada ya kuvuka nusu ilikuwa chini ya kura 10,000. Yaani kama Martha Karua, Peter Kenneth, James ole Kiyiapi au Mwalimu Dida wangewatoa nyumbani watu 20,000 zaidi, watu ambao hawakutaka kuwasikia wale vigogo wawili, tungeingia duru ya pili kwa hesabu hiyo, na anayelia kwamba kura zake ziligawanywa angepata nafasi ya kupambana ana kwa ana. Wale "wadogo" ndio walioukaribia mlango wa duru ya pili, na ndio wanaotukanwa.

(Hesabu hiyo ya tume ilijumuisha hata kura zilizoharibika, na Mahakama ya Juu ikasema baadaye kwamba hazikupaswa kuhesabiwa, uamuzi ambao ulimwongezea Uhuru nafasi ya kupumua. Nalitaja kwa ajili ya wanasheria walioanza kunyanyua vidole, na pia kwa sababu kura hizo zilizokataliwa zilikuwa karibu 109,000, ambazo kama zingekuwa na jina na chama zingeshika nafasi ya nne, mbele ya Peter Kenneth. Katika nchi inayowahubiria vijana wasipoteze kura kwa mgombea wa tatu, sijasikia mahubiri ya sauti hiyohiyo kuhusu jinsi ya kuweka alama kwenye karatasi.)

Mwaka 2022 wagombea walikuwa wanne. George Wajackoyah na David Waihiga Mwaure kwa pamoja hawakufika asilimia 1, William Ruto akavuka kwa asilimia 50.49, Raila akapata 48.85. Kwa maana nyingine, kelele za "msigawanye kura" zilifaulu kabisa, uwanja ukasafishwa ukabaki na watu wawili, na matokeo yake yakawa nchi iliyogawanyika katikati, kesi mahakamani, na kinyongo. Sijui ni faida gani tuliyoivuna kwa usafi huo.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo siwezi kuikwepa, ingawa mjomba hakuitumia. Duru ya pili haitibu kila ugonjwa. Ufaransa mwaka 2002 ilikuwa na wagombea 16 katika duru ya kwanza, karibu nusu yao wa mrengo wa kushoto, na Waziri Mkuu Lionel Jospin, aliyetarajiwa kupambana na Jacques Chirac, akaangukia nafasi ya tatu kwa asilimia 16.18, nyuma ya Jean-Marie Le Pen wa mrengo mkali wa kulia aliyekuwa na 16.86. Katika mrengo huo wa kushoto, Jean-Pierre Chevènement peke yake alichukua zaidi ya asilimia 5 na Christiane Taubira zaidi ya 2, na yeyote kati yao angetosha kumvusha Jospin kama wafuasi wake wangemfuata. Hapo kura ziligawanyika kweli na zikaleta madhara: duru ya pili Chirac alizoa zaidi ya asilimia 82 kwa sababu Wafaransa hawakuachiwa chaguo jingine la maana. Kwa hiyo kambi inayoweza kusimamisha wagombea sita itumie akili, sawa. Lakini Kenya haijawahi kuwa na uchaguzi wa urais ambao wa pili na wa tatu wanakaribiana hivyo tangu Katiba mpya ianze kutumika. Mudavadi alikuwa nyuma ya Raila kwa kura zaidi ya milioni 4.8. Kumtishia binti wa miaka 18 kwa hadithi ya Jospin ni kumfungulia mwavuli wakati wa kiangazi.

Nakubali pia, kwa shingo upande, kwamba wapo wanaogombea kwa biashara. Kalonzo Musyoka mwaka 2007 aliwaahidi wafuasi wake kwamba angepita katikati ya vigogo wawili, akapata karibu asilimia 9, na mapema Januari 2008, wakati nchi inawaka moto, akateuliwa Makamu wa Rais. Uchaguzi ule, hata hivyo, ulifanywa chini ya sheria ya zamani isiyodai nusu, na uliharibiwa na mambo mazito kuliko mgombea wa tatu.

Wanaotaka kumwogopa mgombea wa tatu kwa haki waende mahali ambapo sheria bado inampa ubaya huo. Wavuke mpaka wa Namanga: Tanzania iliondoa sharti la nusu ya kura mwaka 2000, na tangu hapo mwenye nyingi kuliko wenzake anatosha. Waende Florida, ambako mwaka 2000 George W. Bush alimshinda Al Gore kwa kura 537 huku Ralph Nader, mgombea wa tatu, akiwa na zaidi ya 97,000. Au waitazame Malawi ya kabla ya mwaka 2020, ambako Peter Mutharika alitangazwa mshindi mwaka 2019 kwa asilimia 38, mbele ya Lazarus Chakwera mwenye 35 na Saulos Chilima mwenye 20, mahakama ikaubatilisha uchaguzi Februari 2020 na kuamua kwamba mshindi lazima avuke nusu, na Juni mwaka huohuo Chakwera akashinda akiwa na Chilima kama mgombea mwenza. Sijasikia Wamalawi wakimtukana Chilima kwa kugombea mara ya kwanza. Ile asilimia 20 yake ndiyo iliyomfanya awe mtu wa kutafutwa.

Hapo ndipo ninapowashuku vigogo wetu. Kinachowatisha si kura kugawanyika, ni kupimwa. Duru ya kwanza yenye wagombea wengi ingeonyesha kila mmoja ana wafuasi wangapi hasa, nao wamezoea kugawana vyeo hotelini, kila mtu akitaja ukubwa wa ngome yake kwa mdomo, bila karatasi hata moja ya kura kuhesabiwa. Anayeachia nafasi kwa jina la umoja hulipwa kwa makadirio, na makadirio hayo huyaandika mwenyewe. Tuseme mwaka 2013 tungeingia duru ya pili: Mudavadi angekaa mezani na kura 483,981 zilizotangazwa Bomas, kituo cha kujumlisha kura, si na madai, na Uhuru na Raila wangelazimika kuwaeleza waliompigia, hadharani na ndani ya siku 30, watapewa nini kuhusu sukari ya Mumias na bei ya mahindi. Duru hiyo ingegharimu mabilioni, najua. Nitajieni uchaguzi wetu mmoja ambao haukugharimu mabilioni.