Kwenye skripti weka mutt, achana na mail -a

Skripti inaamka usiku yenyewe kwa kroni (kipanga-saa cha Linux), inatoa ripoti ya mauzo, inaituma kwa imeili kama faili, na hakuna mtu amekaa mbele ya kompyuta. Kwa mwenye duka la jumla hapa Kikuubo, Kampala, ambaye ana matawi Gulu na Mbarara hii ni kazi ya maana sana, asubuhi mzee anafungua simu anakuta hesabu zote. Ndo maana inaniuma nikiona vijana wetu wanaijenga juu ya mail -a, yaani amri ya mail ya kutuma imeili ikiwa na swichi ya -a.

Shida ni kwamba mail sio programu moja, kuna matoleo tofauti yenye jina hilo. Kwenye s-nail, -a inaambatisha faili kweli, lakini ukija kwa mailutils ya GNU hiyo -a inaongeza heda tu (mistari ya juu ya barua, kama ya mada), faili inataka -A kubwa, na bsd-mailx nayo -a yake ni ya heda. Sasa skripti ilikuwa inatembea vizuri, mkabadilisha seva, ripoti haifiki na hakuna anayejua kwa nini.

Mi nasema tumieni mutt, programu ya imeili inayoendeshwa kwa amri:

mutt -s "Mauzo ya leo" -a mauzo.csv.gz -- bosi@example.com < maelezo.txt

Vile vistari viwili usiviache jamani, ndo vinaonyesha mafaili yameishia hapo, bila hivyo mutt inadhani anwani ya bosi nayo ni faili. Na usitoe < maelezo.txt, maana skripti haiwezi kukaa kwenye edita ikaandika barua, kama huna la kusema weka < /dev/null (faili tupu ya Linux).

Kuna wanaoshikilia uuencode, njia ya zamani ya kugeuza faili kuwa herufi, mpaka leo. Ilifanya kazi yake, lakini inamwaga faili ndani ya barua kama maandishi, na MIME ya Borenstein na Freed, kanuni ya kuambatisha faili kwenye imeili, ipo tangu 1992, mbona tumtese mzee na kurasa za herufi zisizosomeka kwenye simu?

Hiyo gz, yaani faili iliyobanwa kwa gzip, nimeiweka makusudi. Faili ikisafiri kwa imeili inageuzwa kuwa base64 (herufi za kawaida tu), kila baiti 3 zinakuwa herufi 4, yaani inanenepa kwa theluthi, na bando letu Uganda toka Julai 2021 lina ushuru wa asilimia 12, kwa hiyo pitisha gzip kwanza, CSV inapungua sana.

Halafu mutt ikimaliza bila kosa usidhani barua imefika, imekabidhiwa tu kwa seva ya barua. Mi napenda kuwa na Postfix, programu ya seva ya barua, kwenye mashine yenyewe, kwa sababu intaneti ikikatika usiku inaweka barua kwenye foleni na kujaribu tena na tena, kwa kawaida hadi siku 5, na asubuhi ukiandika mailq unaona ipi imekwama na kwa nini.